Eti Tumezoea!

Kuna neno moja ambalo nataka lifukuzwe katika hadithi zetu, na nalitaja hapa hapa mwanzoni ili mwenye haraka asipoteze muda wake. Neno lenyewe ni "tumezoea". Lina ndugu zake wawili, "tumeumbwa hivyo" na "sisi ni wa chuma", na popote utakapolikuta moja, mengine mawili hayako mbali. Mvuvi katika hadithi analala ndani ya mtumbwi mvua ikimnyeshea usiku kucha: amezoea. Mama anabeba gunia la mkaa kutoka porini, miguu mitupu: ameumbwa hivyo. Mtoto anakwenda shule alfajiri ya mwezi wa saba na shati moja lililochanika mgongoni, mwandishi anatuambia hasikii baridi, damu ya Kisukuma hiyo! Na sisi wasikilizaji tunatikisa vichwa, safi sana, huyu kaijua jamii yake.

Mimi nasema hakuijua. Kaisingizia.

Vijana wenzangu mnaoshika kalamu, msinione nina hasira bure. Hapa Kiseke tuna kikundi chetu cha kusomeana kazi, na juzi jamaa mmoja kaja na habari ya Eskimo, watu wa kule kwenye barafu, ya kwamba wana mafuta ya ajabu mwilini, mafuta ya kahawia, yanayowatia joto kama jiko la mkaa. Habari tamu, na aliisoma vizuri. Lakini wapi! Alipomaliza tu, mwingine akadakia akatoa hukumu: kila mtu na mwili wake, Eskimo kapewa mafuta, sisi tumepewa ngozi ngumu, Mwafrika humtishi kwa jua, kwa baridi wala kwa mbu. Makofi yakapigwa. Na hapo ndipo nilipoamua kuandika makala hii, maana ile habari ya Eskimo, ukiisoma hadi mwisho, inasema kinyume kabisa cha yale makofi.

Hebu tuanze na hayo mafuta.

Mwili wa binadamu una mafuta meupe na una mafuta ya kahawia. Meupe ndiyo yanayotuna tumboni na kiunoni, hayo ni ghala tu, mwili unajiwekea akiba. Ya kahawia hayana kazi ya kuweka, yana kazi ya kuchoma. Rangi yake inatokana na vijisehemu vya chembe hai viitwavyo mitokondria, ambavyo ni majiko ya mwili, na vimejaa madini ya chuma. Katika chembe nyingine mitokondria huchoma chakula ili mwili upate nguvu ya kufanya kazi. Katika mafuta ya kahawia ipo protini inayofungua njia ya pembeni, ile nguvu isifanye kazi yoyote bali igeuke joto moja kwa moja. Ni kama daladala iliyosimama stendi inaunguruma bila kutia gia: haiendi Buhongwa wala Igoma, ila injini inawaka moto.

Sasa swali: nani ana mafuta haya? Jibu la kikao chetu ni Eskimo. Jibu la kweli ni mtoto mchanga yeyote. Mtoto aliyezaliwa jana Buzuruga anayo, yako shingoni, katikati ya mabega na pembeni mwa figo. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka vizuri kama mimi na wewe tunavyotetemeka tukipigwa na baridi, kwa hiyo maumbile yamempa jiko lake la ndani. Na yule anayezaliwa kabla ya wakati, yule tunayemwita njiti, anayo kidogo sana. Ndiyo maana wauguzi wanamfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kwa mtindo wa kangaruu ulioanzia hospitalini Bogotá, nchini Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Msomaji, tafadhali soma tena hapo: njiti wa Mwanza, katika mji huu ambao jua linachoma mawe, anaweza kufa kwa baridi. Hajapewa ngozi ngumu. Hakuna aliyepewa.

Hata sisi wakubwa tunayo. Zamani wataalamu wengi walidhani yanakwisha utotoni, lakini mwaka 2009 tafiti tatu zilitoka pamoja katika jarida moja la udaktari la Marekani zikathibitisha kwamba watu wazima wengi bado wanayo, hasa shingoni na juu ya mtulinga, na kwamba yanaamka mtu akikaa kwenye baridi.

Sasa huyo Eskimo. Wenyewe wanajiita Inuit, na jina la Eskimo wengi wao hawalipendi. Inuit maana yake ni "watu". Basi. (Na sisi hapa jina "Bantu" lilitengenezwa kutokana na neno hilo hilo la watu. Dunia nzima watu wanajiita watu, halafu anakuja mgeni kuwapa jina jingine.) Mwaka 2015 watafiti walilinganisha chembe za urithi za Inuit wa Greenland na za watu wengine, wakakuta sehemu chache zilizobadilika kuliko kawaida. Moja inahusu namna mwili unavyoshughulikia mafuta ya samaki na ya sili. Nyingine iko karibu na urithi uitwao TBX15 na WARS2, unaohusiana na jinsi mafuta yanavyogawanyika mwilini, na hapo ndipo wanapodhani suala la mafuta ya kahawia na baridi linaingia. Mwishoni mwa 2016 wengine wakaonyesha kwamba kipande hicho kinafanana mno na cha watu wa Denisova, aina ya binadamu waliokwisha kutoweka, waliotambuliwa mwaka 2010 kutokana na mfupa mdogo wa kidole uliochimbwa katika pango moja huko Siberia. Yaani hiyo hirizi ya Eskimo wala si yake peke yake! Karithi kwa watu wengine kabisa, na kipande hicho hicho kimejaa kwa watu wengi wa Asia ya Mashariki na wenyeji wa Amerika.

Na sasa mvue nguo. Mchukue huyo Inuit mwenye mafuta ya ajabu, mweke uchi kwenye theluji. Atakufa kama wewe. Kinachomwokoa ni koti la ngozi ya karibu, yule paa mkubwa wa kule kaskazini, linalovaliwa mawili: la ndani manyoya yanagusa mwili, la nje manyoya yanatazama upepo. Kinachomwokoa ni mama zake walioshona makoti hayo kwa mishono isiyopitisha maji. Lipo koti la kike liitwalo amauti, lina mfuko mkubwa mgongoni ambamo mtoto anakaa, joto la mama likimfikia. Sisi tuna mbeleko, wao wana amauti. Akili hiyo haikutoka kwenye mafuta, imetoka kwa watu walioijua baridi, wakaiogopa, wakaishonea nguo.

Jingine ambalo halikusomwa kikaoni ni bei. Mwili haupewi kitu bure. Kuna badiliko jingine la urithi lililo jingi kwa Inuit, liko kwenye kitu kinachoitwa CPT1A, na wataalamu wanadhani liliwafaa watu waliokula mafuta na nyama karibu mwaka mzima. Badiliko hilo hilo limehusishwa na sukari kushuka kwa watoto wadogo wakikaa na njaa, na huko Kanada limehusishwa na vifo vya watoto wachanga. Sikieni vizuri: ukoo umepata nafuu, mtoto ndiye amelipa.

Shikeni hilo, kwa sababu sasa tunarudi nyumbani, kwenye ziwa.

Mwaka 1949 kijana mmoja aitwaye Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alifuatana na msafara wa chuo kikuu cha Oxford uliokuwa unakwenda Mlima Kenya. Kazi yake ilikuwa kupima damu. Akakuta jambo la kushangaza: pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, watu wengi, kati ya asilimia 20 na 30 hivi, walikuwa na damu ambayo chembe zake nyekundu zinaweza kujikunja zikawa kama mundu. Kule juu milimani, karibu hakuna. Watu wale wale weusi, nchi ile ile! Tofauti ilikuwa nini? Mbu. Penye malaria damu ile ipo, pasipo malaria haipo.

Ndiyo selimundu hiyo, au siko seli kama tunavyoiita mitaani. Mundu ni ule ule wa kuvunia mpunga, kila mtu wa Magu anaujua. Ukirithi urithi huo kutoka kwa mzazi mmoja tu, wewe ni mzima, na malaria kali inakuogopa. Utafiti uliofanyika Kilifi, Kenya, uliotoka mwaka 2005, ulionyesha kwamba kinga hiyo dhidi ya malaria iliyo kali kabisa inakaribia asilimia 90. Lakini wazazi wawili wenye urithi huo wakikutana, kila ujauzito una nafasi moja kati ya nne ya kumpa mtoto urithi wote wawili. Huyo ndiye mgonjwa.

Allison akataka uhakika, na hapa ndugu zangu napenda tusimame kidogo, maana hadithi hii waandishi wetu hawajaigusa. Alichukua wanaume 30 Waluo, 15 wenye urithi wa mundu na 15 wasio nao, wakaambukizwa malaria kwa makusudi. Katika wale wasio nao, 14 walionekana na vijidudu kwenye damu. Katika wale wenye nao, wawili tu. Akachapisha mwaka 1954, na hadi leo anasifiwa duniani kote, na sifa zake ni za haki, kwani aligundua jambo kubwa. Lakini wale 30 walikuwa akina nani? Walikuwa na watoto? Walielezwa nini, kwa lugha gani? Riwaya nzima imelala hapo, kandokando ya ziwa letu hili, na sisi tunakwenda kushangaa barafu ya Greenland!

Na Musoma hapo jirani, Allison alilinganisha damu za watoto wachanga na za watu wazima. Katika watoto wachanga 287, tisa walikuwa na urithi wote wawili. Katika watu wazima 654, watano. Fanya hesabu mwenyewe, ni ya darasa la saba. Kama tisa walikuwemo katika watoto 287, basi katika 654 ungetegemea kama ishirini. Wamebaki watano. Wengine hawakufika utu uzima.

Hiyo ndiyo "ngozi ngumu" yetu. Hiyo ndiyo "mbu hatutishi". Mbu ametutisha kiasi cha kuibadili damu yenyewe, na bei ya kinga wameilipa watoto kwa maelfu ya miaka. Wala si historia tu. Matokeo ya upimaji uliofanyika kwa watoto wachanga wa kanda yetu, kwa damu zilizopimwa Bugando, yaliyotoka mwaka 2018, yalionyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watano ana urithi huo kutoka kwa mzazi mmoja, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe. Tanzania nzima wanakadiriwa kuzaliwa watoto 11,000 hivi kila mwaka wenye selimundu. Daladala ikijaa pale stendi kwenda mjini, kondakta na abiria, watu kama watano sita ndani yake wanao huo urithi na hawajui.

Msije mkageuza tena, eti hii ni damu ya Mwafrika. Wamarekani walilisema hilo tangu daktari Herrick wa Chicago alipoieleza mara ya kwanza mwaka 1910, baada ya kumtibu mwanafunzi mmoja kutoka Grenada. Uongo. Selimundu ipo Ugiriki, ipo India, ipo Uarabuni. Na wapo Waafrika wengi ambao hawana kabisa. Ugonjwa huu haukufuata rangi, ulifuata mbu.

Basi mnajua adui mkubwa wa mgonjwa wa siko seli ni nini, pamoja na homa na kukosa maji mwilini? Ni baridi! Baridi ikikupiga, mishipa midogo iliyo karibu na ngozi inajibana ili joto lisitoke. Kwa mtu mwingine hiyo ni salama. Kwa mwenye selimundu, damu ikienda polepole katika mishipa iliyobanwa, chembe zinapungukiwa hewa ya oksijeni, zinajikunja, zinashikamana, zinaziba njia. Kinachofuata ni maumivu ya mifupa ambayo mtu mzima anayalilia kama mtoto. Kwa hiyo watu wale ambao damu ya ukoo wao imepambana na mbu kuliko wote ndio hao hao wanaoumizwa na upepo wa mwezi wa sita. Inuit kapata jiko la ziada. Mdogo wangu kapata mundu.

Ndiyo, mdogo wangu. Sikutaka kumwingiza lakini mtaniuliza inanihusu nini. Alikuwa darasa la tano, shule moja hapa mjini, jina naliacha. Mwezi wa sita, ule upepo wa asubuhi unaotoka ziwani, usiku kipimajoto kinashuka hadi nyuzi 16 hivi. Mama alimnunulia sweta la mtumba Mlango Mmoja, zito, zuri, lakini rangi ya bluu wakati sare ya shule ni ya kijani. Mwalimu wa zamu akamvua kwenye gwaride. Akamwambia mbele ya wanafunzi wote, Mwafrika gani wewe unaogopa baridi? Watoto wakacheka. Halafu mchakamchaka, halafu kumwagilia bustani kwa ndoo, maji yanamrukia miguuni. Usiku wa pili yake nilimbeba mgongoni kwenda kutafuta usafiri, anapiga kelele usimguse mguu, na mimi siwezi kumbeba bila kumgusa mguu. Siku tisa kitandani. Jirani mmoja akatuletea habari za mganga, kwamba mtoto katumiwa kitu. Shangazi mmoja wa upande wa baba naye akasema mama ndiye kaleta damu mbaya kwenye ukoo, wakati selimundu haiwezi kutokea mpaka wazazi wote wawili wachangie, nusu kwa nusu, sawasawa kabisa.

Yule mwalimu simwiti mtu mbaya. Alikuwa anarudia sentensi aliyoisikia. Kaisikia wapi? Kwenye vijiwe, redioni, kwenye vitabu. Kwetu sisi!

Na sentensi hiyo ina baba yake. Wazazi wake ni wale waliotutawala. Daktari Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, aliandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, kikachapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, na katika maandishi yake alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Ukishasema mwili wa mtu ni wa namna nyingine, umepata ruhusa ya kumtumia namna nyingine. Hasikii hiki, haumizwi na kile, mpe mzigo.

Mnadhani yamekwisha? Nendeni Kilimanjaro. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895, usiku kule ni barafu tupu. Mgeni anapanda amevaa makoti matatu na glavu. Anayembebea hema na chakula, kwa miaka mingi, amekuwa akionekana na raba zilizotoboka na jaketi jepesi, na wapagazi wamekufa kwa baridi mlimani. Ukiuliza, unaambiwa wenyeji hao, wamezoea. Wamezoea nini? Mchaga kazaliwa kwenye migomba, hakuzaliwa kwenye barafu, na kule juu hakuna ukoo wowote uliowahi kuishi. Mpaka mwaka 2003 ulipoanzishwa mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ambao pamoja na mambo mengine unawaazima makoti na viatu bure. Koti. Siyo mafuta ya kahawia, koti! Wainuit walishalijua hilo zamani.

Sasa najua jibu litakalokuja. Litasema kijana huyu anataka tuandike vitabu vya baiolojia, fasihi ina uhuru wake. Kwani nani kakuomba baiolojia? Nimekuomba uangalie. Mvuvi aliyelala kwenye mtumbwi na mvua inamnyeshea, mwangalie: anajikunja vipi, anajifunika nailoni gani, mikono anaificha wapi, saa tisa usiku anawaza nini. Hayo yote unayaruka kwa neno moja, "amezoea", halafu unaniambia ni fasihi. Huo ni uvivu, bwana.

Na jibu la pili, ambalo ni gumu zaidi, mwenzangu mmoja amekwisha kunitupia: je, bibi zetu hawakuvumilia? Tunawatukana tukisema walikuwa dhaifu? La. Walivumilia, na ndiyo hoja yangu. Kuvumilia ni kazi. Anayevumilia anasikia baridi, anaumia, na anaamua kuendelea, na ndani ya kuamua huko ndimo wewe mwandishi unapopata mtu. Ukisema amezoea, umemwondolea maumivu na umemwondolea pia ushujaa, kabaki jiwe, kama yale ya kule mlimani nyuma ya nyumba za Kiseke. Jiwe halivumilii kitu. Na jiwe halina haja ya sweta, wala ya hospitali, wala ya mshahara.

Halafu hili la watoto wa siko seli katika hadithi zetu, nalo linaniudhi. Wana kazi mbili tu. Ya kwanza ni kufa ukurasa wa mwisho ili shujaa apate kulia. Ya pili ni kuvunja uchumba: wachumba wamependana sura kumi, wanakwenda kupima, majibu yanatoka, binti anajitupa ziwani. Wapi mtu mzima mwenye selimundu anayelipa kodi ya nyumba? Wapo. Kuna dawa iitwayo haidroksiyurea inayopunguza yale maumivu, mwaka 2019 matokeo ya majaribio katika nchi nne za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, yalionyesha inawasaidia watoto wa huku na inapunguza hata malaria na vifo. Dar es Salaam, Muhimbili, profesa Julie Makani na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa kwa maelfu tangu mwaka 2004. Kuna watu wanakunywa maji mengi, wanameza dawa zao, wanavaa soksi, wanakwenda kazini, mara mbili tatu kwa mwaka wanaanguka kitandani, wanaamka. Wana wivu, wana madeni, wanadanganya wapenzi wao. Watu kamili! Siku yao ya kimataifa ni tarehe 19 Juni, katikati kabisa ya baridi yetu, na sijawahi kuona hata shairi moja.

Mhusika wa riwaya yangu ana miaka 41. Anakaanga samaki pale Igombe, ana ugonjwa huo tangu kuzaliwa, na asubuhi za mwezi wa sita anavaa masweta mawili, moja juu ya jingine, la juu limeandikwa jina la timu ya hoki ya Kanada asiyoijua. Wavuvi wanamcheka, anawajibu kwa matusi mazuri sana ambayo mhariri hawezi kuyachapa. Nilisoma sura ya kwanza kikaoni, jamaa mmoja akaniuliza: huyu atakufa lini? Nikamwambia sijui, kwa sasa ana kesi na mtu aliyemkopa elfu sabini. Nimefika ukurasa wa 63. Mwenye kutaka kunijibu makala hii aandike, nafasi ipo, ila neno lile asilitumie.